Pedali ya Mguu wa Kushoto

Mutembei alipofika kwenye banda la kuchomelea pale Kibeta, Aroni alimtambua kwa sauti ya kukohoa kabla hajamwona. Hakuinua miwani. Alimalizia mshono aliokuwa ameuanza kwenye geti la mtu, akaugonga kwa nyundo ndogo kuondoa gamba, akaupuliza, akautazama kushoto na kulia. Ndipo akageuka.

"Ta Aroni," Mutembei alisema kwa heshima ya Kihaya, "bado unachomelea kama mtu anayedarizi joho la mchungaji!"

"Karibu."

"Nimekuja na shida, ndugu yangu."

Alichechemea hadi kwenye benchi, akaketi bila kuambiwa. Mguu wake wa kushoto haukukunjika kwenye kifundo. Pikipiki ilimtupa barabara ya Kemondo mwaka juzi, madaktari wakamtia chuma ndani, na tangu hapo unyayo wake ulikaa kama ubao uliopigiliwa kwenye nguzo. Habari hiyo Aroni alikuwa ameisikia kanisani. Siku ile aliimba nyimbo zote, hata zile asizozipenda.

"Umesikia kwamba natengeneza ndege?"

"Muleba yote imesikia."

"Si Muleba tu, na Mwanza! Ya watu wawili. Ilikuja kwenye makasha, vipande vipande, nimeiunga mwenyewe miaka mitatu. Imebaki kitu kimoja. Pedali." Alipiga goti lake. "Zile pedali za chini zinageuza usukani wa mkia. Juu yake kuna bamba la breki, unalibonyeza kwa vidole. Sasa mimi vidole nitavibonyezaje na kifundo hiki? Nataka uzibadilishe. Mkaguzi anakuja kutoka Dar Ijumaa ya wiki ijayo. Akinikuta sijawa tayari, sijui atarudi lini."

"Mafundi wa Mwanza?"

"Wanaogopa. Wanasema, nenda kwa yule mzee wa Kibeta anayesoma vitabu vya injini." Alicheka. "Unaona? Jina lako bado lipo."

Aroni alivua glavu kidole kimoja kimoja. Jina langu, aliwaza. Huyu anathubutu kulitaja jina langu.

"Nitakuja Jumamosi," alisema.

Miaka tisa ilikuwa imepita. Karugendo, mdogo wake Aroni, alikuwa akiendesha boti ya Mutembei, akipeleka watu na mizigo kisiwa cha Goziba na kurudi na dagaa. Aroni ndiye aliyechomelea chuma cha kushikilia injini nyuma ya boti ile. Alikichomelea kwa injini ya nguvu ya farasi kumi na tano. Alipima mara tatu, akakijaribu kwa kuning'iniza mawe kwenye gunia hadi kamba ikakatika na chuma kikabaki. Miezi miwili baadaye Mutembei akafunga injini ya arobaini kwenye chuma kilekile, bila kumwambia mtu, kwa sababu alitaka boti yake ifike kabla ya za wenzake. Siku ya upepo, injini ilijing'oa pamoja na ubao wa nyuma, maji yakaingia. Abiria waliokolewa na wavuvi. Karugendo alipatikana siku ya nne.

Mazishini, nyumbani kwao Izimbya, Mutembei alisimama mbele ya watu wote akaweka mkono kifuani. Alisema: "Mimi nilimpa chombo kizima. Kilichokatika ni chuma, na chuma kilichomelewa na kaka wa marehemu. Mungu amsamehe." Watu mia tatu waligeuza shingo. Aroni alikuwa ameshika koleo. Katika ukoo wao, neno lililosemwa juu ya kaburi halijibiwi juu ya kaburi. Marehemu hafukiwi pamoja na ugomvi. Kwa hiyo Aroni alifukia. Matanga yalipoanuliwa, waliosikia walikuwa wamekwisha kurudi makwao, kila mmoja na lile neno mfukoni.

Mama yake, Ma Kokwijuka, alilichukua neno lile akalitandika ndani ya nyumba. Aroni alijaribu kumweleza mara moja, mama akainua kiganja, akasema, "Usimtumie mwanangu kujisafisha." Hakumfukuza. Alimkaribisha, akamuuliza habari za watoto, akamjibu kama anavyojibiwa mgeni kutoka mbali. Aroni angependelea kupigwa fimbo.

Jumamosi alipanda gari hadi Muleba na sanduku lake la vifaa.

Ndege ilikuwa kwenye banda kubwa la mabati, kando ya uwanja wa nyasi uliochongwa kati ya migomba na kilima. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, nzuri kweli. Aroni alichukia kwamba ilikuwa nzuri. Mlangoni Shaban, mlinzi wa pale, mtu wa Bukoba mjini aliyependa maneno, alimzuia kwa fimbo.

"Viatu, mzee wangu."

"Viatu vimefanyaje?"

"Vinabaki nje. Mchungaji ameibariki ndege, na mwenye nayo ametandaza nyasi mpya kama sebuleni kwa baba yake. Mimi Mwislamu nimezoea kuvua, lakini mafundi wa hapa wananitukana kila siku."

Ilikuwa kweli. Chini ya ndege zilitandazwa nyasi laini, mbichi, kama zinavyotandazwa katika nyumba ya Mhaya anayetarajia wageni wa heshima. Mlangoni pembeni palikuwa na jozi ya buti nyeusi, soli nene kama tofali, kisigino kirefu. Za Mutembei. Mwenyewe alikuwa ndani, peku, akiipapasa ndege ubavuni.

Aroni alimkalisha kwenye kiti cha rubani, akajipenyeza kichwa chini, chali, taa ikiwa kwenye paji la uso. Mambo ya pale aliyaelewa upesi. Pedali mbili, kila moja na bomba la chini la kukanyagia, ambalo linavuta waya hadi usukani wa mkia. Juu ya bomba, bamba lenye bawaba, na nyuma ya bamba pampu ndogo ya breki. Ya kushoto hushika gurudumu la kushoto, ya kulia la kulia. Mtu mwenye miguu mizima hukanyaga bomba huku vidole amevirudisha nyuma, na akitaka breki huvisukuma mbele. Mutembei hakuweza kuvirudisha wala kuvisukuma.

"Tutaliinua bamba la kushoto," Aroni alisema kutoka chini. "Mguu utakaa kwenye bomba peke yake. Ukitaka breki utaunyanyua mguu mzima, kutoka kwenye nyonga, ukanyage juu. Hutahitaji kifundo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Kanyaga. Tulia hivyo."

Akapima kwa tepu kutoka sakafuni hadi kwenye ncha ya kidole gumba cha Mutembei. Akaandika. Akapima tena. Na hapo, tepu ikiwa bado mkononi, mawazo yake yalitoka nje hadi kwenye zile buti.

Mtu huyu hataruka peku. Ataruka na buti zake. Kisigino kile kitaupandisha mguu wote, na ncha ya buti itapita mbele ya kidole. Bamba likiwekwa kwa kipimo cha mguu mtupu, basi kila atakapokanyaga kushoto kunyoosha ndege, buti litaegemea breki ya kushoto bila yeye kujua, kwa sababu kifundo hakitamwambia. Polepole, hakuna shida. Lakini ndege ikiwa ndiyo kwanza imegusa chini, mbio, gurudumu moja likishikwa na jingine likiwa huru, itageuka kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Upande wa kushoto wa uwanja palikuwa na mtaro wa mawe.

Fundi yeyote hupima mguu ndani ya kiatu. Aroni alilijua hilo kuliko alivyojua tarehe ya kuzaliwa kwake.

"Umemaliza?" Mutembei aliuliza.

"Nimemaliza."

Hakusema uongo wowote. Hakuulizwa.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Alikata bomba jipya, akakunja bamba, akatengeneza bawaba yenye bushi ya shaba, akachomelea kwa mshono mwembamba uliolala kama magamba ya samaki. Alining'iniza uzito mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege. Hakuna mkaguzi ambaye angeona kosa, kwa sababu kosa halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa kwenye hewa iliyobaki kati ya bomba na bamba, upana wa vidole viwili, mahali ambapo palihitajika vinne. Aroni aliipenda hewa ile. Alipoketi kula alikuwa akiiona, na Mutembei ndani yake.

Jumanne alikwenda Muleba akaifunga pedali. Mutembei, peku juu ya nyasi zake, alipanda, akakanyaga, akanyanyua mguu, akabonyeza breki.

"Ta Aroni! Mikono yako ningeikata niiweke ukutani!"

"Bora ibaki nilipoizoea."

Shaban mlangoni alicheka hadi akashika mabati.

Nyumbani, Evodia mkewe alikuwa akimenya ndizi uani. Alimtazama mumewe akinawa mikono, kwa muda mrefu kuliko mikono ile ilivyohitaji.

"Baba Judica, unaimba."

"Naimba?"

"Tangu Jumamosi. Na hiyo kazi ni ya Mutembei." Alitupa ganda. "Umemfanya nini?"

Aroni hakuwa na mazoea ya kumdanganya. Akaketi kwenye ngazi akamweleza yote, kwa utaratibu, kama anavyoeleza mashine: kisigino, bamba, gurudumu, mtaro. Evodia hakupiga kelele wala kumtaja Mungu. Alimenya ndizi mbili zaidi.

"Ataanguka lini?"

"Akiruka. Mkaguzi akishaondoka."

"Afe?"

"Akipenda kufa, afe. Mimi sikumwambia avae buti."

"Haya. Amekufa. Watu wamekusanyika. Sasa niambie, mtu wa kwanza atakayefungua mdomo atasema nini?"

Aroni aliokota ganda la ndizi, akalikunjakunja.

"Mimi nakwambia. Atasema, ile pedali ilichomelewa na nani? Watamjibu. Naye atasema, si yuleyule aliyemuua mdogo wake?" Evodia alisafisha kisu kwenye kitenge. "Miaka tisa unalala ukigeukageuka kwa sababu ya uongo wa yule mtu. Sasa umekwenda kumtengenezea uongo wake uwe kweli. Umemchomelea, ukamning'inizia na mawe."

Aroni alibaki kwenye ngazi ile mpaka ndizi zikaiva. Hakumhurumia Mutembei hata kidogo. Alijichunguza kama anavyochunguza mshono, akitafuta ufa wa huruma, hakuuona. Alichoona ni kitu kingine. Alikuwa akitaka kumpokonya Mutembei uhai, na Mutembei uhai wake hakuuthamini sana. Mtu anayeunga ndege kwenye migomba hauthamini. Alichothamini kilikuwa Ijumaa.

Jumatano Mutembei alikuwa Mwanza kufuata vipuri vya mwisho. Aroni aliingia bandani peku, akalala chali, akafungua boliti nne, akachomoa mirija miwili ya mafuta ya breki kwa spana na kuiziba vizuri isivuje. Akazitia pedali zote mbili kwenye gunia.

"Unazipeleka wapi, mzee wangu?" Shaban aliuliza. "Mwenyewe amesema kila kitu kiko tayari."

"Kuna kipimo sijakipenda. Mwambie aje nyumbani kwa mama, Izimbya, kesho saa nane. Aje na buti zake."

"Akiniuliza kwa nini Izimbya?"

"Anapajua."

Simu ilianza kulia kabla hajafika Kibeta. Aliiacha ilie. Ililia mara kumi na saba, na kila mlio ulimwingia vizuri, kama supu.

Alhamisi, saa nane kasorobo, gari la Mutembei lilisimama nje ya uzio wa mama yake. Mutembei alishuka akiwa amekasirika hadi masikio. Aroni alikuwa amesimama peke yake kwenye njia ya migomba, gunia miguuni.

"Umelewa? Mkaguzi anafika kesho saa nne! Nipe vitu vyangu."

"Pedali ya kushoto ingekuua," Aroni alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia bei ya rodi za kuchomelea. "Nilikupima peku. Tazama buti zako. Ungetua, ungekanyaga kushoto, gurudumu lingeshika. Ungeishia kwenye mtaro."

Mutembei alitazama buti zake. Alikuwa ameunga ndege ile kwa mikono yake, hakuhitaji kuchorewa.

"Ulijua?"

"Tangu Jumamosi, tepu ikiwa mkononi."

"Ulitaka kuniua."

"Nilitaka. Nikakumbuka watu wangesema ni kazi yangu, na safari hii wangekuwa wanasema kweli." Akalisogeza gunia kwa kisigino. "Nitakutengenezea. Saa tatu zinatosha, vifaa viko ndani ya nyumba. Kesho alfajiri nitaifunga, na mkaguzi ataikuta. Lakini kwanza utaingia pale uani, utasimama uliposimama siku ile, utamwambia mama yangu injini ilikuwa ya ngapi."

"Ta Aroni, mambo ya miaka tisa..."

"Ya ngapi?"

"Hili tungeweza kuzungumza sisi wawili, wanaume."

"Hukulisema kwa watu wawili."

Mutembei alitazama gari lake, akatazama gunia. Aroni alimwacha apime. Yeye mwenyewe alikuwa na subira ya miaka, dakika hazikumsumbua.

"Mama yako ni mzee. Utamuumiza."

"Ingia."

Ma Kokwijuka alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, akichambua maharage kwenye ungo. Miaka themanini na moja, macho makali, sikio moja zuri. Aliwatazama wote wawili wakija, akawaitikia salamu kwa jinsi anavyowaitikia wageni.

"Mae," Aroni alisema, "Mutembei ana neno."

Mutembei alisimama katikati ya uwanja. Hatua kumi nyuma yake, kati ya migomba, lilikuwa kaburi la Karugendo. Alianza kwa mbali, kwa biashara ya boti, kwa ushindani, kwa hali ya ziwa mwezi ule.

"Sisikii," Ma Kokwijuka alisema. "Umesimama upande wa sikio bovu."

Mutembei akahama.

"Waitu mama, ile injini... Aroni alichomelea chuma cha injini ya kumi na tano. Mimi nilifunga ya arobaini. Sikumwambia yeye, wala Karugendo."

Maharage yalinyamaza kwenye ungo.

"Karugendo hakujua?"

"Aliniuliza kama chuma kitaweza. Nilimwambia kaka yake amekikagua."

Hilo Aroni hakulijua. Akashika nguzo ya baraza. Kwa hiyo Karugendo alitoka ufukweni akiwa na amani, kwa sababu ya jina la kaka yake. Kama wakati ule mkono wake ungekuwa na nyundo, hesabu yote ya Evodia ingeharibika.

Ma Kokwijuka aliweka ungo chini. Hakulia. Alimtazama Aroni, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofifia, akapiga mkeka kando yake kwa kiganja.

"Kaa hapa."

Aroni akaketi. Mama yake alinuka moshi na mafuta ya mgando. Aroni alikuwa ameisahau harufu hiyo.

Mutembei alifuta uso. "Mama, naomba unisamehe. Na sasa, Ta Aroni, kama tulivyokubaliana, muda..."

"Nani kakuruhusu kuondoka?" Ma Kokwijuka alisema. Akageuza uso kuelekea uzio wa jirani, akapaza sauti ambayo Aroni hakuisikia kwake tangu utotoni. "Rugaibula! We Rugaibula! Njoo na mkeo! Mwiteni na Rwegasira!"

"Mama..."

"Siku ile uliwaambia watu mia tatu. Hapa umewaambia wangapi? Wawili, na mmoja alikuwa anajua."

Rugaibula alikuja akifuta udongo mikononi, mkewe nyuma yake. Ma Kokwijuka akaonyesha kwa kidole. "Rudia."

Mutembei akarudia. Alipofika kwenye arobaini alishusha sauti. Ma Kokwijuka akamwambia aongeze. Rwegasira akafika na wanawe wawili, waliobeba jeneza la Karugendo upande wa mbele siku ya mazishi. Rudia. Mama mmoja wa kwaya, aliyepita na mkungu kichwani, aliitwa, akautua mkungu. Rudia, na yale uliyomwambia Karugendo alipokuuliza, usiyaruke. Mwanamke yule alishika mdomo, akamtazama Aroni, akainamisha kichwa.

Jua lilihamia upande wa magharibi wa migomba. Mutembei alikuwa akiegemea mguu wa kulia tu. Ule wa kushoto ulianza kutetemeka ndani ya buti, kwa sababu chuma kile hakikupenda kusimama. Mara mbili alitafuta kwa macho mahali pa kuketi. Kwenye ukuta, karibu na bega la Aroni, palikuwa na kigoda kizuri cha mvule, kitupu. Aroni alikiona. Alimwona pia Mutembei akikiona.

Akanyoosha miguu yake kwenye mkeka, akauvuta ungo wa maharage mapajani, akaanza kuchambua pamoja na mama yake, kimya, akitupa mabovu kando moja moja. Kwenye njia palisikika watu wengine wakija.

"Hao ni wa kwa Josia," Ma Kokwijuka alisema bila kuinua macho. "Anza mwanzo."